Kazi ya Mtu na Kazi ya Gari: Gharama ya Bima Jijini Nairobi

Fomu ya kuombea bima ya gari huwa na nafasi ya kuandikia kazi ya mwombaji. Aghalabu nafasi hiyo hujazwa kwa neno moja, mathalani mwalimu au daktari, kana kwamba jina hilo ndilo litakaloamua malipo. Nchini Uingereza, jina la kazi pekee huweza kupandisha au kushusha malipo. Nchini Kenya, linalotangulia kutazamwa ni kazi ya gari lenyewe: je, ni la kibinafsi, la mizigo, teksi au matatu?

Tofauti hii ina chimbuko lake katika sheria. Sura ya 405 ya Sheria za Kenya hulazimu kila gari litumiwalo barabarani liwe na bima ya kuwakinga watu wengine. Hata hivyo, si lazima bima hiyo iwakinge walioketi ndani ya gari la kibinafsi. Abiria anapolipa nauli, sharti naye akingwe. Kwa kuwa dhima ya kampuni kwa mdai mmoja huweza kufikia shilingi milioni 3, kila kiti cha matatu ni deni linaloweza kudaiwa. Fauka ya hayo, matatu ya kutoka katikati ya jiji hadi Kangemi au Kawangware hushinda barabarani, ilhali gari la mhadhiri hushinda limeegeshwa chuoni.

Utata huzuka mtu mmoja anapokuwa na kazi mbili. Tangu Uber ianze kuhudumu Nairobi mwaka wa 2015, imekuwa rahisi kwa mwalimu anayeishi Lavington kubeba abiria jioni kwa gari lake. Fomu yake haikudanganya kuhusu kazi yake. Imenyamaza kuhusu kazi ya gari. Ajali ikitokea, kampuni huweza kukataa kulipa kwa hoja kwamba gari lilitumiwa kinyume na mkataba. Hapo abiria aliyejeruhiwa hubaki kumdai mwalimu, ambaye huenda mshahara wake usitoshe fidia.

Kwa hivyo, swali la fomu lisomwe kama maswali mawili: mwenye gari hufanya kazi gani, na gari lake hufanya kazi gani? Jibu la pili likibadilika kabla ya muda wa bima kwisha, kampuni ijulishwe. Malipo yataongezeka, lakini nyongeza hiyo ndiyo inunuayo kinga ya abiria. Mficha maradhi, kifo humuumbua.