Nishani Iliyochelewa Siku Moja

Tarehe 11 Novemba, 1998, Ufaransa na washirika wake waliadhimisha miaka 80 tangu kusimamishwa kwa Vita Kuu ya Kwanza. Siku hiyo wajumbe wa Serikali ya Ufaransa walitazamiwa kufika Thiowor, kijiji kilichoko kaskazini mwa Senegal, wamvike Mzee Abdoulaye Ndiaye nishani ya Légion d'honneur, iliyo kubwa kuliko zote nchini mwao. Nishani ilikuwa tayari, lakini mwenye kuvikwa hakuwapo tena. Mzee alikuwa amefariki dunia siku iliyotangulia, akikadiriwa kuwa na umri wa miaka 104. Miongoni mwa askari wa Afrika Magharibi waliopigana upande wa Ufaransa katika vita hivyo, yeye ndiye aliyejulikana kuwa wa mwisho.

Marehemu hakuingia jeshini kwa hiari yake. Vita vilipozuka mwaka 1914, wakoloni walipita vijijini wakikusanya vijana, naye akatoroka. Ndipo walipomkamata mzee mmoja wa ukoo wake na kumweka rehani. Kijana Ndiaye alipopata habari hizo alijitokeza mwenyewe, mzee aachiliwe na ukoo usiaibike. Sisi tuliofunzwa uaskari twaona hapo ushujaa uliotangulia bunduki.

Akavushwa bahari kwenda kuwapigania watu asiowajua, katika baridi asiyoizoea. Alijeruhiwa zaidi ya mara moja, na katika mapigano ya Somme ya mwaka 1916 alipata jeraha la kichwa. Wenzake wapatao 30,000 kutoka Afrika Magharibi hawakurudi. Yeye alirudi kwao, akaishi hadi kuwazika wenziwe wote.

Malipo aliyokuwa akipata uzeeni yalikuwa faranga za Ufaransa 340 hivi kwa mwezi. Kisa chake ni hiki: mwezi Desemba 1959, makoloni yalipokuwa yakikaribia uhuru, Ufaransa ilitunga sheria ya kuyagandisha malipo ya askari wake wa zamani waliokuwa raia wa nchi hizo. Pensheni ya Mfaransa ikawa inapanda pamoja na gharama za maisha, na ya Mwafrika ikasimama palepale, ingawa risasi zilizowapata wote wawili zilikuwa za adui mmoja. Mwaka 2010 ndipo Baraza la Katiba la Ufaransa lilipotamka kwamba tofauti hiyo inavunja usawa, na kuanzia Januari 2011 viwango vikalinganishwa. Wazee wengi walikwisha kutangulia mbele ya haki.

Habari hizi za Senegal si ngeni kwetu. Jeshi la Uganda lina asili yake katika Batalioni ya Nne ya Keya, ambayo askari wake walipelekwa Burma mwaka 1944 kupambana na Wajapani. Mwezi Februari mwaka huohuo, manowari ya Kijapani iliizamisha meli Khedive Ismail katika Bahari ya Hindi. Walikufa watu karibu 1,300, miongoni mwao mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Kuna jamaa ambazo hadi leo hazina kaburi la kupalilia.

Wahenga walinena: chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Tusingoje sikukuu ndipo tuwakumbuke wazee wetu waliobeba silaha, wawe wa Keya au wa vita vilivyofuata. Mwenye haki yake ya pensheni au kiinua mgongo na apewe angali na nguvu ya kuipokea. Mafaili yao yasikae mezani yakingoja sahihi. Nao vijana wawaendee wazee, wawaulize walipigana wapi na pamoja na nani, kisha wayaandike majina hayo. Mzee Ndiaye alingojeshwa miaka 80, na siku moja ikamshinda.