Umenunua Shamba au Umenunua Kesi?

Leo hatutazungumza juu ya mbolea wala nafasi ya kupandia. Tutazungumza juu ya jambo linalotangulia jembe, nalo ni kununua shamba lenyewe kijijini, pamoja na nyumba iliyomo.

Nina sababu ya kulileta jambo hili. Siku moja niliitwa na mkulima aliyenunua ekari 2 na nyumba ndogo ya bati, nikamwonyeshe namna ya kuchimba mashimo ya migomba. Samadi alikwisha isomba. Nilipofika nilikuta mashimo 18 yamefukiwa, na mama mmoja ameketi mlangoni na wanawe. Alikuwa mke wa muuzaji. Alikwenda kwao kumuuguza mama yake, na huku nyuma mumewe akauza na kutoweka. Mnunuzi alikuwa na karatasi mkononi, imetiwa dole gumba mbele ya mjumbe wa nyumba kumi. Karatasi ile haikumsaidia kitu. Fedha za mavuno ya misimu minne zilikwenda, nami nikarudi na kamba yangu ya kupimia.

Tangu siku ile, kila niendapo vijijini naulizwa maswali. Haya ndiyo yanayorudiwa sana.

Swali la kwanza: Tumeandikiana mbele ya mjumbe na mashahidi. Je, haitoshi?

Haitoshi, ndugu yangu. Hapa Tanzania ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Unachonunua ni haki ya kuitumia, pamoja na nyumba na mimea iliyopo. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Kwa hiyo haki hiyo haihami kutoka kwa muuzaji kuja kwako mpaka Halmashauri iidhinishe. Tena si jambo la jana. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba ardhi ya kijiji iliyouzwa bila idhini hiyo, mauzo yake ni batili. Mjumbe ni shahidi tu. Nenda kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji, omba jambo lako lipelekwe kikaoni, kisha uhakikishe limeandikwa katika muhtasari wa kikao.

Swali la pili: Mwenye nyumba ni mwanamume. Ya nini kumtafuta mkewe?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mume au mke hana ruhusa ya kuiuza nyumba wanamoishi pamoja bila idhini ya mwenzake. Akiiuza kwa siri, yule mwenzake ana haki ya kuendelea kukaa humo mpaka ndoa ivunjike au mahakama iamue vingine. Basi wewe utakuwa umelipa, na mwenye nyumba bado yumo ndani. Mwone mke, zungumza naye uso kwa uso, na yeye naye atie saini. Vivyo hivyo kama muuzaji ni mke, mtafute mume.

Swali la tatu: Muuzaji anasema shamba aliachiwa na baba yake. Nifanyeje?

Uliza msimamizi wa mirathi ni nani. Msimamizi huteuliwa na mahakama na hupewa barua. Isome barua hiyo. Kisha waone ndugu wengine, dada zake wakiwamo. Ukisikia, "Ah, dada zangu wameolewa mbali, hawana neno," hapo ndipo usimame. Kuolewa mbali hakumwondolei mtu urithi wake.

Swali la nne: Nitajuaje kwamba ekari ninazouziwa ni ekari kweli?

Pima. Ekari moja ya mraba ni karibu mita 64 kwa mita 64. Zunguka mipaka pamoja na muuzaji, mchana, huku majirani wa pande zote nne wamesimama. Jirani ndiye ajuaye mnyaa upi ulihamishwa usiku. Majina yao yaandikwe katika mkataba. Kama muuzaji ana hati ya hakimiliki ya kimila, ilinganishe na kumbukumbu za masijala ya ardhi ya kijiji, na baada ya kununua hakikisha mabadiliko yameandikwa.

Swali la tano: Nimelima miaka 5 na hakuna aliyenisumbua. Si basi?

Bado. Sheria inampa mwenye ardhi miaka 12 ya kuidai mahakamani. Ukimya wa miaka mitano si hati. Kama hukupata idhini ya Halmashauri, itafute sasa, muuzaji angali hai na mashahidi wangali wanakumbuka. Na ugomvi ukizuka, usishike panga. Nendeni kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7, watatu wao wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha, na asiyeridhika anaweza kwenda mbele.

Basi, wakulima wenzangu, shikeni utaratibu huu. Kwanza uliza majirani. Pili waone mke, mume na warithi. Tatu pima mipaka. Nne ipate idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Fedha ziwe za mwisho, zilipwe mbele ya mashahidi na kwa maandishi. Muuzaji akikuharakisha, akisema yupo mwingine anayeitaka, mwache amuuzie huyo mwingine.

Yule mkulima wangu leo analima shamba la kukodi. Samadi yake aliihamisha tena, kikapu kwa kikapu. Anapanda mahindi tu, kwa maana migomba ni zao la miaka mingi, na katika ardhi ya mwenzio hupandi zao la miaka mingi.

Kwaherini, hadi kipindi kijacho.