Ngozi Inayobaki

Shule zikifungwa Desemba, kuna vijana wa Elerai, jijini Arusha, ambao hawaonekani tena mtaani. Ukiuliza utaambiwa wako ndani, wanauguza kidonda. Kwa Waarusha na Wameru wa kuzunguka Mlima Meru, na kwa Wamaasai, tohara ndiyo mpaka kati ya mtoto na mwanaume. Asiyeuvuka ni layoni, na neno hilo likitoka kinywani mwa mwenzake wa rika huuma kuliko wembe. Kwa mila za Kimaa, kijana huogeshwa alfajiri kwa maji yaliyolala nje na shoka ndani yake, kisha hukatwa bila ganzi. Akishtuka tu, ukoo mzima umeaibika.

Mjini wengi sasa hupelekwa hospitali, na hapo baba na babu huanza kubishana. Babu anaona sindano ya ganzi imemnyima kijana nafasi ya kuonyesha ujasiri. Mimi naona ubishi huo umeliacha jambo kubwa zaidi, yaani ngozi yenyewe: ilikuwa na kazi gani, na inaondolewa kiasi gani?

Kazi inayo. Mtoto wa kiume huzaliwa govi likiwa limegandana na kichwa cha uume, na huachana nacho polepole, miaka kadhaa, kwa baadhi hadi karibu na balehe. Daktari wa watoto Mwingereza, Douglas Gairdner, alilieleza jambo hili mwaka 1949, lakini mpaka leo wako walezi wanaolivuta kwa nguvu eti wamsafishe mtoto. Wanamchana, na kovu linaweza kulifanya govi libane baadaye. Osheni kwa nje, yatosha.

Kwa mtu mzima, govi hukifunika kichwa cha uume kikabaki laini na chenye unyevu. Huteleza wakati wa tendo la ndoa, na lina neva nyingi za mguso. Je, aliyetahiriwa hupungukiwa raha? Watafiti waliowafuatilia wanaume waliotahiriwa ukubwani Kisumu, Kenya, na Rakai, Uganda, hawakuona upungufu wa maana. Wenzao wengine wanadai vipimo vilivyotumika havikugusa kila kitu, na ubishi huo haujaisha.

Tatizo liko upande wa ndani wa govi. Hapo ngozi ni nyembamba, nyororo, na imejaa seli za kinga zinazokaa kama walinzi mlangoni. Virusi vya Ukimwi, kwa bahati mbaya, huwinda walinzi haohao. Majaribio matatu, la Orange Farm huko Afrika Kusini, la Kisumu na la Rakai, yalionyesha kwamba tohara humpunguzia mwanaume uwezekano wa kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Machi 2007, Shirika la Afya Duniani na UNAIDS wakaipendekeza. Tanzania ikaelekeza nguvu kwenye mikoa ambako wengi hawakuwa wametahiriwa. Iringa, mwaka 2010, kampeni ya wiki sita ilitahiri zaidi ya watu 10,000. Arusha haikuhitaji kampeni ya namna hiyo, kwa sababu huku karibu kila mwanaume akiulizwa atajibu ametahiriwa.

Lakini ametahiriwaje? Tohara ya zamani ya Kimaa haikuondoa govi lote. Ngariba alilichana kwa juu, kichwa kikapitishwa kwenye tundu, na sehemu ya ngozi ikaachwa ining'inie chini. Wakikuyu, wenye desturi kama hiyo, huiita ngwati, na Jomo Kenyatta aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1938. Kwa wenyewe ni alama ya heshima. Kwa virusi ni ngozi ileile. Utafiti wa Rakai uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta kwamba wanaume walioambukizwa walikuwa, kwa wastani, na govi kubwa kuliko wasioambukizwa. Na Lesotho, vijana walioomba kujiunga na jeshi na kusema wametahiriwa walipokaguliwa, karibu nusu walikutwa bado wana govi, lote au sehemu yake. Ile asilimia 60 ilipatikana kwa waliokatwa govi lote.

Hata tohara iliyokamilika si ukuta. Kondomu inabaki palepale, na mwanamke halindwi moja kwa moja na tohara ya mwenzake. Kidonda nacho huhitaji kama wiki sita kabla ya kukutana kimwili. Kikiwa kibichi, hatari huongezeka badala ya kupungua.

Mwanaume mwenye mashaka na alichoachiwa na ngariba anaweza kumwomba daktari amtazame. Kipande kilichobaki huondolewa kwa upasuaji mdogo, na kwa ganzi, ileile asiyoitaka babu.