STATA: USILIPE KABLA HUJAIONA IKIPIGA TEKE

Wewe unayetoka kwa fundi na stata imefungwa kwenye gazeti kama samaki, hebu ngoja kwanza. Umeiona ikizunguka, au umeambiwa tu "iko poa, bosi"?

Nauliza kwa sababu hapa Ilembula stata si utani. Baridi ya Juni na Julai unaijua: oili inakuwa nzito, betri inalegea, mzigo wote anabeba stata. Na magari haya haya ya kukodi ndiyo yanayokimbiza wagonjwa usiku kwenda hospitali ya Walutheri. Zamani gari likigoma waliitwa vijana, likasukumwa, likawaka kwa gia. Lakini hizi Noah za otomatiki, wajameni, hata mkisukuma ishirini mtaishia kutoka jasho tu.

Juzi nilishinda kwenye kibanda cha fundi umeme mmoja wa hapa, jamaa aliyejifunzia kazi kwenye malori ya Makambako. Stata ya Noah ilikuwa imeshabadilishwa kaboni na bushi, amecha imesafishwa kwa msasa laini. Mafundi wengi hapo ndipo wanapoomba hela. Huyu akaikaza kwenye jiriwa.

"Ukiishika kwa mkono, dogo, itakupiga teke."

Waya mnene wa hasi akaubana kwenye bodi ya stata, wa chanya kwenye bolti kubwa. Kimya. Kisha akachukua kiwaya kutoka chanya, akakigusisha kwenye kichwa kidogo cha solenoidi. Ta! Gia ndogo ikaruka mbele na kuzunguka. Sekunde tatu, akatoa, ikarudi ndani yenyewe. Hakuing'ang'ania, maana stata ni ya kazi ya kufumba na kufumbua. Ukiiacha ingurume inachemka na kuungua.

Hapo tega sikio. Mluzi ulionyooka ni heri. Ikikwaruza, amecha inasugua, bushi haijakaa sawa. Gia ikitoka bila kuzunguka, shaka iko kwenye kaboni au kontakti za solenoidi. Mwenye mita ya kubana waya apime: stata nyingi za Toyota ndogo hazitakiwi kuzidi ampea 90 kwenye volti 11.5. Zaidi ya hapo kuna kinachokwama, au koili ina shoti.

Ila usishangilie mapema. Mezani stata haina mzigo. Iliyochoka inaweza kupiga mluzi mtamu pale, halafu ikifungwa kwenye injini inaguna tu kama mzee aliyeamshwa usiku. Ndiyo maana fundi aliifunga garini, akaweka mita kwenye betri yenye chaji, akapiga stata. Volti ikishuka chini ya 9.6, ama betri imekwisha ama stata inakula umeme kupita kiasi. Ikasoma 10.4. Injini ikawaka.

Mwenye Noah akaanza ubishi wa bei. Fundi hakupandisha sauti.

"Mama, kaboni zako za zamani hizi hapa."

Akamwekea kiganjani. Zilikuwa zimelika hadi kwenye waya.