Vishikwambi, Vinanda vya Mfukoni na Mdundo wa Minneapolis

Kishikwambi chenye programu ya muziki, kikiunganishwa na ala ndogo ya kielektroniki inayotumia betri, siku hizi hufanya kazi iliyokuwa ikihitaji chumba kizima cha mitambo. Katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, jimboni Minnesota, ambako theluji huwaweka watu ndani kwa miezi, kutengeneza muziki nyumbani kwa kujifurahisha kuna asili ya zamani kuliko vishikwambi vyenyewe. Mdundo ulioipa Minneapolis jina duniani ulitoka kwenye mashine chache zilizotumiwa hadi zikatoa kila kilichokuwemo.

Mashine mashuhuri kati ya hizo ni LM-1, iliyotolewa mwaka 1980 na Mmarekani Roger Linn. Mashine za ngoma za awali ziliunda sauti kwa umeme mtupu. Hii ilihifadhi sauti za ngoma halisi zilizorekodiwa. Bei yake ilikuwa karibu dola 5,000, na zilitengenezwa takriban 500 tu. Prince, mwanamuziki mzaliwa wa Minneapolis, aliichukua akaibadilisha tabia: alishusha na kupandisha sauti ya kila ngoma peke yake, kisha akazipitisha kwenye vifaa vya kugeuza sauti vilivyokusudiwa gitaa. Katika "When Doves Cry" ya mwaka 1984 aliondoa besi kabisa, na mashine hiyo ikabaki na nafasi kubwa ya kusikika. Sehemu ambazo bendi nyingine zingepiga kwa tarumbeta, yeye alizipiga kwa sintesaiza za Oberheim. Watayarishaji wa muziki Jimmy Jam na Terry Lewis nao walirekodi albamu ya "Control" ya Janet Jackson, iliyotoka mwaka 1986, katika studio yao ya Flyte Tyme mjini humo.

Leo sauti zinazofanana na hizo zimo ndani ya programu za bei ya mlo mmoja, au za bure. iPad ilipoingia sokoni mwaka 2010, kampuni ya Korg ya Japani ilikuwa tayari na iElectribe, mashine ya midundo iliyochorwa kwenye kioo. GarageBand ya iPad, programu ya muziki ya Apple yenyewe, ilifuata mwaka 2011 kwa dola 4.99, na tangu mwaka 2017 hutolewa bure kwa wenye vifaa vya Apple. Kwa anayeanza, hiyo inatosha kwa muda mrefu: ina vinanda, ngoma, gitaa, na mahali pa kurekodi sauti ya mwimbaji na kuipanga juu ya ala.

Jambo moja ndani yake lafaa kutajwa kwa sababu ya watu wanaoishi katika miji hii. Kinanda cha GarageBand kinaweza kufungiwa kwenye ngazi ya sauti tano, hivyo kila kidole kinapogusa huangukia sauti iliyomo kwenye ngazi hiyo. Muziki wa Kisomali umejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya sauti tano, na mtaa wa Cedar-Riverside wa Minneapolis ni makao ya Wasomali wengi. Hapo hapo ndipo ulipo ukumbi wa Cedar Cultural Center, ambao mwaka 2014, kwa ushirikiano na chuo cha Augsburg, ulianzisha mradi wa Midnimo wa kuleta wanamuziki wa Kisomali. Anayetaka kupiga taarab yenye maqamu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, ana kazi zaidi: sauti zilizo katikati ya vibonye viwili hazipatikani kwenye kinanda cha kawaida, na lazima atafute programu au ala inayoruhusu kurekebisha kila sauti.

Kikwazo kikubwa kwa mgeni huwa ni ucheleweshaji. Kidole kikigusa kioo, sauti hupita hatua kadhaa kabla ya kufika sikioni. Ikichelewa sana, mpigaji hupoteza mdundo hata akiwa hodari. Hedifoni za Bluetooth huongeza ucheleweshaji huo kiasi kwamba hazifai kabisa kwa kupiga, ingawa kwa kusikiliza hazina ubaya. Waya wa kawaida ndio dawa, na kwa vishikwambi vipya visivyo na tundu la hedifoni kunahitajika kiunganishi kidogo. Vifaa vya Android kwa miaka mingi vilikuwa nyuma kwa jambo hili, ndiyo maana programu nyingi nzuri zilitengenezwa kwa iPad kwanza.

Kioo pia hakina vibonye vya kubonyeza wala vifundo vya kuzungusha, na hapo ndipo ala ndogo zinapopata soko. Mwaka 2013 Korg ilitoa mfululizo wa volca: masanduku yenye ukubwa wa kitabu, yenye spika ndani, moja la ngoma, moja la besi, moja la kinanda. Miaka miwili baadaye kampuni ya Teenage Engineering ya Stockholm ilileta Pocket Operator, ambazo hazina hata kasha. Ni ubao mtupu wa saketi kama wa kikokotoo kilichofunguliwa, unaotumia betri mbili ndogo. Mdundo hupangwa katika hatua 16 zinazojirudia, na mashine mbili zikiunganishwa kwa waya mwembamba huenda kwa kasi moja. Ala kubwa zaidi huzungumza na kishikwambi kwa MIDI, lugha ya ala za kielektroniki iliyokubaliwa na watengenezaji mwaka 1983 na ambayo bado haijapata mrithi wa kuiondoa. Minneapolis yenyewe ina ZVEX, kampuni ya Zachary Vex, inayotengeneza vifaa vidogo vya kugeuza sauti vyenye makasha yaliyopakwa rangi kwa mkono. Prince angevielewa bila maelezo.

Kijana asiye na chochote anaweza kuanzia maktaba. Maktaba kuu ya Minneapolis ina kituo cha teknolojia cha vijana kilichofunguliwa mwaka 2013 kwa msaada wa kampuni ya Best Buy, chenye vifaa vya kurekodi. Saint Paul ina High School for Recording Arts, shule ambayo studio ni sehemu ya masomo.

Programu, hata hivyo, hufa. Finale, ya kuandikia nota, ilikuzwa kwa miongo mingi na kampuni iliyokuwa Eden Prairie, kitongoji cha Minneapolis. Ilianza mwaka 1988 na Agosti 2024 wenye nayo wakatangaza kuiacha. Programu nyingi za zamani za iPad zilikufa vilevile mwaka 2017, mfumo wa iOS 11 ulipokataa zile ambazo hazikuwa zimeboreshwa. Kwa hiyo wimbo uliokamilika huhifadhiwa mara mbili: kama faili la sauti la kawaida, na kila ala peke yake, nje ya programu iliyoutengeneza.