Karatasi ya Usalama wa Kemikali Isifungiwe Ofisini

Katika viwanda vya minofu ya sangara, kama vile vya Ilemela, meza na sakafu hutakaswa kwa dawa yenye klorini. Dawa hiyo hupaswa kuwa na karatasi ya taarifa za usalama, yenye vipengele 16. Karatasi iliyofungiwa ofisini, tena kwa Kiingereza kitupu, haimfai msafishaji.

Si lazima avisome vyote siku moja. Aanze na kipengele cha 10, kinachotaja vitu visivyopatana. Dawa hii ikikutana na asidi ya kung'olea ukoko hutoa gesi ya klorini, ambayo ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini, pale pale anapoinama kusugua.

Kipengele cha 4 ni cha huduma ya kwanza. Aliyevuta gesi hiyo huweza kukohoa kidogo, akajiona mzima, kisha mapafu yakajaa maji saa kadhaa baadaye. Kwa hiyo asiende kulala nyumbani kabla ya kuchunguzwa. Aletwe hospitalini pamoja na nakala ya karatasi, kwani sisi madaktari tukiambiwa tu "dawa ya kuoshea", twabaki kubahatisha.

Muhtasari wa Kiswahili ubandikwe mahali dawa inapochanganywa.