Plagi ya Chini ni Mtihani wa Fundi

Gari likizimika njiani, dereva huliegesha kando akatafuta msaada. Rubani wa ndege yenye injini moja hana nafasi hiyo. Uhai wake na wa abiria wake umo mikononi mwa fundi aliyebaki ardhini. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu kazi moja ndogo inayompima fundi huyo, nayo ni kufungua plagi za upande wa chini wa injini.

Tuchukue mfano wa Cessna 172, ndege iliyoanza kutolewa mwaka 1956 na ambayo imefunza marubani wengi duniani. Matoleo yake mengi tangu mwaka 1968 yana injini ya Lycoming yenye silinda 4 zilizolala, mbili kila upande. Kila silinda ina plagi moja juu na moja chini, jumla 8. Magineto mbili zimegawana plagi hizo, ili moja ikifa nyingine iendelee na kazi.

Plagi za juu hufikiwa kwa urahisi mara kifuniko kinapoondolewa. Za chini zimejificha nyuma ya mabomba ya moshi na vyuma vinavyoshikilia injini. Hizo hizo ndizo zinazochafuka upesi, kwani oili huteremka injini inapopumzika, na madini ya risasi yaliyomo katika petroli ya ndege huganda kwenye ncha zake. Kwa hiyo fundi anayesafisha za juu tu ameacha penye maradhi.

Hapana budi kwanza kuzima swichi na kuondoa ufunguo, wala rafadha isiguswe ovyo, maana waya wa kuzimia ukikatika magineto huweza kuwasha injini. Kisha vifuniko viondolewe vyote. Kupenyeza mkono gizani si ufundi. Soketi iwe ndefu na ikae wima juu ya plagi, kwani ikiinama huvunja kauri. Wakati wa kurudisha, tia ringi mpya ya shaba. Pale vidole visipofika, chomeka plagi katika kipande cha mpira wa bomba, uizungushe taratibu mpaka hesi zishikane. Kisha ikazwe kwa spana yenye kipimo, futi-ratili 30 hadi 35.

Tulipata kumwona kijana mmoja akihangaika na plagi ya chini ya silinda ya nyuma. Ilimponyoka ikaanguka sakafuni. Aliiokota, akaifuta, haikuwa na alama yoyote. Mzee wake wa kazi hakusema neno. Aliichukua, akaitupa pipani, akampa nyingine mpya. Plagi ya ndege iliyoanguka haitumiki tena, kwa sababu ufa ulio ndani ya kauri hauonekani kwa macho.

Kabla ya kuruka, rubani hujaribu magineto moja moja. Katika Cessna 172N hufanya hivyo kwa mizunguko 1700 kwa dakika. Isipungue zaidi ya 125 kwa magineto yoyote, wala tofauti baina yao isizidi 50. Hapo ndipo kazi ya fundi hudhihirika.

Mkaguzi hutia sahihi daftarini kwa yale aliyoyaona. Yale yaliyo nyuma ya bomba la moshi, fundi ndiye shahidi. Basi mafundi wetu vijana wajifunze kuanza na plagi iliyo ngumu kufikiwa, kwani ndiyo inayosubiriwa na rubani angani.